Msichana wangu anataka kuchukua muziki kidato cha tatu na kinanda hatuna, nifanye nini?

MamaKondele: Habari zenu wadau. Niko Kisumu, msichana wangu yuko kidato cha pili na muhula ujao wanachagua masomo, ameng'ang'ana na muziki. Baba yake anataka achukue biashara. Shule yao ina kinanda kimoja cha kugombaniwa na mwalimu amesema mwenye hana chake nyumbani atasumbuka, na mimi nauza nguo pale soko la Kibuye, hiyo pesa sina saa hii. Kitu anajua vizuri ni nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, mjomba wangu kule Alego alimfundisha akiwa mdogo na akiipiga watu wanaacha chakula. Nikope ninunue kinanda ama nimwambie aachane na hilo somo? Mtoto analia kila jioni.

Ticha_Kakamega: Mama usikope! Nafundisha hili somo. Muziki wa KCSE, ule mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, ni karatasi tatu, kuna ya kupiga ama kuimba mbele ya mtahini, kuna ya kusikiliza, halafu nadharia na historia. Kwa ile ya kwanza ala za Kiafrika zinakubaliwa, hakuna mtu atamnyima alama juu amekuja na nyatiti. Nyuzi nane mkononi, pete ya chuma kwa kidole cha mguu inagonga mti, njuga zinalia na bado anaimba, huyo mtoto masikio yake yako sawa. Penye atasumbuka ni nota, zile alama za kuandika muziki. Kwa karatasi ya kusikiliza wanapigiwa mdundo ama melodi wanaandika, na mtoto amezoea kujifunza kwa kuangalia mikono ya mzee hukwama hapo hapo. Mtafutie rekoda, ile filimbi ya plastiki, bei yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na kinanda, asome nota nayo kila siku, halafu ajaribu kuandika nyimbo za mjomba kwa nota mwenyewe.

Jathum254: Lakini nyatiti si ni ya wanaume? Wazee nyumbani hawatanung'unika?

Ticha_Kakamega: @Jathum254 Kuna mwanamke anaitwa Anyango, alitoka Japani akaja Siaya akafundishwa na mzee, na anaipiga mpaka leo. Na huyu ni mtoto wa nyumbani, mjomba mwenyewe ndiye alimkalisha kwa kigoda.

Nyar_Maseno: Mimi nilisoma muziki Maseno chuo kikuu. Dada nikwambie ukweli, pesa yake si ya kila mwezi, nafundisha kwaya za shule na msimu wa mashindano ukiisha kunakuwa kavu. Lakini mwambie baba yake hili ni somo moja tu, hesabu na kemia bado anafanya, hakuna mlango umefungwa. Kitu ningefanya ni kwenda shule kabla hajajaza fomu, nimuulize mwalimu wazi kama atakubali kumtayarisha na nyatiti, juu wengine wanajua piano pekee na mtoto anaachwa ajitafutie.

MamaKondele: Asanteni sana, hilo la kuuliza mwalimu sikuwa nimefikiria. Ijumaa nafunga kibanda mapema niende na baba yake. Rekoda naipata wapi hapa mjini?

Nyar_Maseno: Anza na maduka makubwa ya vitabu. Na aipulize dukani kabla hujalipa, zingine sauti zimepinda.