Mrejesho: Igizo la Kifaransa kwa Kidato cha Pili, Kigoma

Ndugu walimu wenzangu, niliwaomba ushauri kuhusu wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, waliokuwa wakikariri vitenzi vya Kifaransa kwa ajili ya mtihani bila kuthubutu kuzungumza, nanyi mkanishauri tuandae igizo la kuonyeshwa mbele ya wazazi. Tumelionyesha, na ninawashukuru kwa dhati.

Tulitunga kisa cha mfanyabiashara kutoka Bujumbura anayepatana bei ya dagaa na migebuka na wachuuzi wa Kibirizi. Na kwa kuwa Burundi na Kongo, ambako Kifaransa ni lugha rasmi, ni majirani zetu wa Ziwa Tanganyika, hakuna aliyeniuliza tena lugha hii itamfaa nini. Lililonigusa zaidi ni mazoezi yenyewe: sentensi iliyorudiwa kwa ishara na hisia ilikaa kichwani kuliko maelezo ya ubaoni, na binti aliyekuwa mkimya kuliko wote aliomba mwenyewe nafasi ya mchuuzi. Irabu zinazotamkwa kwa pua bado zinawasumbua.

Muhula ujao wanataka kuandika igizo lao wenyewe, nami nimewakubalia. Mwenye mfano wa mazungumzo mafupi ya bandarini au stesheni ya treni, tafadhali anitumie.