Vitenzi vya Kifaransa: tugawe silabi kwa jicho au kwa sikio?

Mtembeza_Arusha
Habari zenu wadau. Najifunza Kifaransa ili niongoze watalii. Mwalimu wetu anagawa vitenzi kama vilivyoandikwa: par-lent (wanaongea), fi-nis-sent (wanamaliza). Mwenzangu ananiambia niachane na daftari nifuate sikio: parl, fi-nis. Jana nilimtamkia mgeni "ils parlent" nikiimaliza yote mpaka t, hakuelewa hadi nilipoandika. Nishike ipi?

Dada_wa_Bukavu
Pole kaka. Mimi nimesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Mgawo wa mwalimu wako ni sahihi, ila kazi yake ni kukata neno mwisho wa mstari: konsonanti pacha hutenganishwa, ndipo unapata fi-nis-sent. Mdomo una mgawo wake. Ile -ent ya "wao" haitamkwi kabisa, kwa hiyo parle, parles na parlent zote ni "parl", silabi moja. Kiswahili kimetuzoesha kwamba kila irabu ina haki yake, ku-fa-ha-mu, ndiyo maana hapa tunateleza. Angalia "il est content", ameridhika: silabi ya mwisho inasikika, kwa sauti ya puani. Lakini "ils content", wanasimulia, inaishia kwenye t. Herufi ni zile zile! Lazima kwanza ujue kama neno ni kitenzi. Sikio, kaka.

Mzee_Kamusi
Nakubali nusu. Ukifuata sikio peke yake, parler, parlez na parlé zote utazisikia "par-le", silabi mbili, sasa utaandika nini? Tena maandishi yenyewe yanakuelekeza. "J'appelle" ina l mbili, maana yake e iliyotangulia inasikika: a-pel. "Nous appelons" ina l moja, basi e inamezwa, unabaki na a-plon, silabi mbili, na hiyo n ya mwisho inabaki puani. Na kwenye "mangeons", e haitamkwi. Imewekwa ili g isigeuke kuwa ya "gari".

Nuru_BJM
Msisahau nyimbo. Katika ushairi wa kale "ils parlent bas" huhesabiwa silabi nne, il-par-le-ba, na waimbaji wengi huitamka hiyo e. Hata mtu wa Marseille au Toulouse unaweza kumsikia akiitamka. Usije ukadhani amekosea.

Mtembeza_Arusha
Asanteni sana. Sasa kama -ent ni bubu, nitajuaje ni mmoja au ni wengi?

Dada_wa_Bukavu
Kwa "parle" na "parlent" hutajua, sentensi ndiyo itakuambia. Kwa "finit" sikiliza mwisho: fi-ni ni mmoja, fi-nis ni wengi. Na kitenzi kikianza kwa irabu, s ya "ils" inafufuka kama z: "il aime" ni i-lem, "ils aiment" ni il-zem. Zirudie hizo mbili kwa sauti mara kumi kabla ya kulala, kesho njoo na "il arrive" na "ils arrivent".

Mtembeza_Arusha
I-la-riv. Il-za-riv. Nimeanza leo leo.

Dada_wa_Bukavu
Ndizo hizo. Sasa hiyo r ishushe kooni, karibu na gh ya "ghali".