Nimeshtakiwa kwa deni la mkopo na sina hela ya wakili, nifanyeje?

Alizeti_Kizota: Wakuu, habari za jioni. Nina kimashine cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Mwaka juzi nilikopa milioni 6 kwenye kampuni moja ya mikopo. Bei ya mafuta ikaanguka, nikayumba. Sasa wamenifungulia kesi, wanadai milioni 9 na laki 4. Wakili niliyemwendea ametaja laki 8 za kuanzia. Silali. Naombeni ushauri.

MzeeWaMakole: Dawa ya deni kulipa. Mkikopa mnacheka, mkidaiwa mnalia.

BintiMpwapwa: Pole dada. Mimi hao wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, walinibebea friji na godoro la mtoto mbele ya wapangaji wenzangu, bila karatasi yoyote ya mahakama. Hadi leo geti likigongwa asubuhi nashtuka. Wewe angalau umepelekwa mahakamani.

Karani_Mstaafu: Dada, ni mahakama ya mwanzo au ya wilaya? Na wito uliupokea lini?

Alizeti_Kizota: Ya wilaya. Wito niliupata hivi karibuni.

Karani_Mstaafu: "Hivi karibuni" si tarehe. Ulisaini lini?

Alizeti_Kizota: Tarehe 2. Sikusema kwa sababu nilishaamua kwenda kwa kaka yangu Kiteto hadi mambo yapoe. Mashine kuna mtu anakuja kuichukua kesho. Msinione mwizi, ina watoto watatu nyuma yake. Nikibaki wataipiga mnada.

Karani_Mstaafu: Leo tarehe 20. Mahakama ya wilaya inakupa siku 21 tangu upokee wito uwe umewasilisha maelezo ya utetezi kwa maandishi. Umebakiwa na siku 3. Ukienda Kiteto kesi itasikilizwa upande mmoja, wapewe hukumu, waje na dalali. Na kuhamisha mali huku umeshtakiwa kutakuharibia mbele ya hakimu.

Kijana_Nkuhungu: Hii chai. Mwenye mashine ya alizeti anakosa laki 8? Kesho tutawekewa namba ya kuchangia.

MzeeWaMakole: Hata mimi nilihisi. Wiki iliyopita alikuja mwingine na figo.

BintiMpwapwa: Weka picha ya wito basi, funika majina.

Alizeti_Kizota: Sijaomba mtu hata mia. Wito ninao hapa mezani, una muhuri wa bluu, na jina la baba yangu wamelikosea herufi moja. Umeshaloa mafuta kwenye kona. Wameandika sijalipa hata senti, wakati nimelipa milioni 3 na laki 2! Nilikuwa namtumia afisa wao kwenye simu yake, ndivyo alivyoniagiza. Meseji za miamala ninazo zote.

Karani_Mstaafu: Sasa hilo ndilo ulilolikalia muda wote huu? Utetezi wako ni huo! Usifute hata meseji moja, na kesho nenda ofisi ya mtandao wa simu wakutolee taarifa ya miamala. Andika kwa Kiswahili, tangu sheria ilipobadilishwa 2021 ndiyo lugha ya mahakama. Usiandike "nakataa yote". Jibu hati ya madai aya kwa aya, maana usiyoikanusha inahesabiwa umeikubali. Unachodaiwa kweli kikubali, uombe kulipa kwa awamu. Siku zikikupita, kuna siku 7 za kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya msingi, lakini usizitegemee. Na tafuta wasaidizi wa kisheria, wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawatozi.

Kijana_Nkuhungu: Mkuu, mimi bodaboda yangu ilikamatwa, nayo naandika aya kwa aya?

Karani_Mstaafu: Fungua uzi wako.

Alizeti_Kizota: Nimempigia yule wa mashine, nimemwambia asije. Kanuna. Aya ya 4 ndiyo wanasema sijalipa. Nianzie hapo?

Karani_Mstaafu: Anzia ya 1. Ukifika ya 4 andika taratibu, tarehe na kiasi cha kila muamala. Toa nakala za kutosha, na nakala yako mwenyewe hakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka dirishani.