Tunazibua mtaro, taka zinarudi: tuendelee kusafisha tu au tuanze kudai?

Katibu wa Kikundi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana wa kujitolea. Wengi wetu bado tupo sekondari, wachache tumemaliza. Kila Jumamosi tunazibua mtaro mkubwa unaopita kati ya makazi na shule. Tukimaliza maji yanapita, watu wanatusifu, picha zinapigwa. Ikinyesha tu, umeziba tena. Upande huu gari la taka halifiki na hakuna mahali palipotengwa pa kutupa, kwa hiyo watu wanatupa mtaroni.

Baadhi yetu tunataka kuliandikia baraza la mji barua ya kuomba taka zizolewe. Mlezi wetu, mtu mzima tunayemheshimu sana, amekataa. Anasema kazi yetu ni kujitolea, kudai ni siasa, na siasa itakiua kikundi. Kikao cha mwisho tumeachana tumenuniana.

Nauliza kwa aliyewahi kupita njia hii: kusafisha na kudai vinaweza kukaa ndani ya kikundi kimoja? Na mlezi tumwambieje bila kumvunjia heshima?

Mtulivu

Mdogo wangu, msikilizeni mlezi. Kikundi kinachosafisha kinapendwa na kila mtu. Kikianza kuandika barua, mtaanza kuulizwa nani kawatuma. Ombeni glavu na matoroli, mfanye kazi yenu kwa amani.

Mama Mlezi

Marahaba mwanangu. Nimelea vikundi vya vijana miaka mingi, na swali lako limenigusa kwa sababu wengi hufika hapo ulipofika wakakata tamaa. Mtulivu, hofu yako naielewa, lakini ushauri wako unawaacha watoto hawa wakizoa taka zilezile hadi wazeeke.

Nianze na haki yenu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika jambo linalomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ibara ya 15 inampa haki ya kujiunga na wenzake na kukutana kwa amani. Karibu nchi zote duniani zimeuridhia. Mtaro unaofurika mbele ya shule unawahusu. Kumwomba mwenye wajibu wa kuzoa taka azizoe hakuhitaji kadi ya chama chochote.

Na hizo picha za kila Jumamosi zinanipa wasiwasi. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliiandikia UNICEF maelezo ya ushiriki wa watoto akiupanga kwa ngazi yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini alikataa kuviita ushiriki: kutumiwa na wakubwa, kuwekwa kama pambo, na kushirikishwa kwa jina tu. Kijana anayepigwa picha na koleo, kisha anaambiwa anyamaze kuhusu kinachoziba mtaro, bado hajavuka hapo.

Sasa kazi yenyewe. Jumamosi ijayo mmoja wenu asishike koleo, ashike daftari. Aandike tarehe, kipande cha mtaro mlichozibua, magunia mangapi yametoka, na ndani yake mna nini. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Yakijaa mabaki ya chakula na nepi, tatizo linatoka majumbani na dawa yake ni uzoaji wa taka. Yakijaa mchanga na vifusi, kuna ujenzi au mmomonyoko huko juu, na hata gari la taka likija kila siku mtaro utaziba tu. Ikiwa ni chupa za plastiki tupu, zungumzeni na wauzaji na waokota chupa kabla ya kwenda ofisi yoyote. Ninyi mnayashika haya kwa mikono yenu. Hakuna ofisa mwenye taarifa kama hiyo, na hapo ndipo kusafisha na kudai vinapokutana: barua yenu itaandikwa kutokana na magunia yenu.

Pigeni picha mahali palepale, mkisimama palepale, siku ya kuzibua na baada ya mvua. Watu wanaotupa taka msiwapige picha. Hawana pa kutupa, na mkiwaaibisha leo, kesho hawatatia sahihi barua yenu.

Kabla ya kuandika, ulizeni nani anahusika na nini. Mara nyingi mtaro uko chini ya idara ya barabara na taka ziko chini ya idara nyingine, na barua inayopelekwa kwa wasiohusika hulala kwenye faili. Kisha ombeni kitu kimoja ambacho mtu anaweza kukijibu ndiyo au hapana. "Boresheni usafi" halijibiki. "Tunaomba kontena moja karibu na lango la shule, limwagwe siku maalumu kila wiki" linajibika. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Chukueni mfano wa ombi moja lililo wazi. Februari 1, 1960, wanafunzi wanne wa chuo walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, Marekani, ambako watu weusi hawakuruhusiwa kuketi na kuhudumiwa. Walitaka wahudumiwe kama wengine, basi. Wenzao wakaongezeka siku zilizofuata, na vyuo vilipofunga, wanafunzi wa sekondari ya Dudley wakashika zamu. Julai 25 mwaka huohuo kaunta ile ilianza kuhudumia watu weusi.

Mlezi wenu ningependa asikie habari za Ella Baker, mwanaharakati wa haki za watu weusi Marekani. Aprili mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 56, aliwaitisha wanafunzi wa harakati hizo mjini Raleigh. Wapo wakubwa waliotaka vijana wale wawe tawi la mashirika yao. Yeye alisimamia wajiamulie wenyewe, na hapo ikazaliwa kamati ya wanafunzi iliyojulikana kama SNCC. Hakuwaacha peke yao; aliwapa uzoefu wake na watu aliowajua, akawaachia maamuzi.

Kwa hiyo msimzunguke mlezi. Wawili wenu nendeni mkamwone faraghani, na daftari mkononi. Muulizeni anaogopa nini hasa. Huenda jina lake ndilo lililo kwenye karatasi za kikundi, na likizuka jambo ataitwa yeye. Hofu hiyo ni halali. Mwombeni aisome barua kabla haijatoka na awasindikize siku ya kuipeleka.

Mwenyekiti Mstaafu

Naunga mkono, ila nina la usalama. Maji ya mtaroni yanaweza kuwa na kipindupindu na homa ya mgunda (ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama kama panya), na ndani ya taka kuna vioo na sindano. Mabuti na glavu ngumu kwa kila anayeingia, mwenye kidonda asiingie, na wadogo wabaki juu na daftari. Wazazi wa walio chini ya miaka 18 waridhie kwanza, kwa kazi na kwa picha. Na kila mwenye cheo awe na msaidizi anayejifunza, maana waliomaliza shule wataondoka muda wowote.

Katibu wa Kikundi

Asanteni sana. Mama, mmoja wetu anasema tuache kuzibua kabisa ili baraza lione hali ilivyo. Unaonaje?

Mama Mlezi

Hapana, mwanangu. Maji yatakayofurika yatawakuta watoto njiani kwenda shule kabla hayajamfikia ofisa yeyote. Endeleeni kuzibua, lakini barua iseme wazi kwamba mnaziba pengo kwa muda, na itaje magunia mliyotoa. Ombeni jibu la maandishi, mtaje na tarehe mtakayorudi kuulizia.

Rasimu ikiwa tayari iweke hapa, ukiondoa jina la mji na majina ya watu, tuipitie kabla haijaenda kwa mlezi.