Mjadala: Ufanisi wa vyuo vya biashara Mwanza upimwe kwa kigezo gani?

Mleta mada: Ndugu wachangiaji, naomba tujadili jambo hili. Vyuo vinavyofundisha biashara na uhasibu jijini kwetu, yaani SAUT pale Malimbe pamoja na kampasi za CBE, IFM na TIA, vipimwe kwa kulinganisha wahadhiri na fedha vinavyotumia na idadi ya wahitimu vinaotoa, kisha orodha itangazwe ili mzazi anayelipa ada ajue fedha yake inakwenda wapi. Wanaofundisha wengine kupiga hesabu za gharama na faida hawana sababu ya kukwepa kupigiwa hesabu hizo hizo.

Mchangiaji: Kupima nakuunga mkono, ila orodha yako naipinga. Mbinu maarufu katika kazi hii ni ile ya watafiti Charnes, Cooper na Rhodes ya mwaka 1978, ambayo huvitafuta vyuo visivyozidiwa na vingine kwa rasilimali vilizonazo, kisha hupima vilivyobaki viko nyuma kiasi gani. Kila chuo hupewa mizani ya vigezo inayokipendelea zaidi, yaani kigezo kinachofanya vizuri ndicho kinachopewa uzito mkubwa, na hapo ndipo penye shida kwetu. Kwa mazoea ya watafiti, idadi ya vyuo inatakiwa iwe angalau mara 3 ya jumla ya vigezo. Ukichukua wahadhiri na bajeti upande mmoja, na wahitimu, ufaulu na machapisho upande wa pili, unahitaji vyuo 15. Wewe umetaja vinne. Kila kimoja kitakuwa na eneo lake la kujivunia, huenda vyote vikapata alama kamili, na mzazi wako atabaki pale pale.

Tena, ukihesabu wahitimu peke yao, chuo kitakacholegeza mitihani kitapanda bila kuajiri hata mhadhiri mmoja. Afadhali matokeo ya mitihani ya nje, kama ile ya NBAA, yaani bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, yakilinganishwa na ufaulu ambao mwanafunzi aliingia nao. Hata hivyo mitihani hiyo ni ya wahasibu. Kwenye soko la samaki na dagaa la Mwaloni Kirumba utamkuta mfanyabiashara wa dagaa mwenye daftari moja, ambamo bei ya gunia, nauli ya lori, ada ya mtoto na rejesho la kikoba vimeandikwa ukurasa mmoja, naye hajui kama mzigo uliopita ulimpa faida au ulimla mtaji. Mhitimu anayemtenganishia hesabu hizo amefanya kazi aliyosomea, lakini jedwali lako halimwoni.

Mleta mada: Kuhusu idadi umenishawishi, basi tuchukue kampasi za nchi nzima. La daftari silikubali, kwa kuwa hakuna chuo kitakachomudu kumfuata kila mhitimu hadi mwaloni.

Mchangiaji: Si kila mmoja, sampuli ya waliomaliza miaka miwili iliyopita inatosha, na gharama ya kuwafuatilia ihesabiwe kwenye bajeti ya chuo kama gharama nyingine. Ukienda nchi nzima, usitumie hesabu ya 1978 jinsi ilivyo, kwa sababu inachukulia kwamba ukubwa wa chuo hauathiri ufanisi wake. Tumia marekebisho yake yaliyofanywa na mtafiti Banker na wenzake mwaka 1984, yanayozingatia ukubwa wa chuo, la sivyo kampasi ndogo ya Mwanza itaadhibiwa kwa udogo wake mbele ya makao makuu ya Dar es Salaam.