Namba ya simu ndani ya picha inayoteleza? Huyu jamaa anatutafuta nini?

Wakuu, yule mbunifu mnamjua, simtaji. Ile tovuti aliyoibadilisha leo mmeshaiona.

Namba ya simu ameiweka NDANI YA PICHA. Na picha inateleza kila sekunde 2! Unasoma tarakimu tano, fyuu, wamekuja watu wanapeana mikono. Mpaka picha sita zizunguke, umeshazeeka na namba imeshabadilishwa. Kuinakili huwezi. Kuibonyeza ipige huwezi. Asiyeona ndiyo kabisa, kisoma skrini hakina cha kumsomea maana hata alt, yale maelezo ya picha kwa maandishi, hakuna. Namba ni maandishi! Iandike kama maandishi, izungushie kiungo cha tel: ili mtu akiigusa simu ipige, mstari mmoja, kazi imekwisha.

Halafu picha yenyewe ina upana wa pikseli 4000 kwenye nafasi ya 400. Simu inashusha pikseli mara 100 ya zinazohitajika, ili tu namba ipite mbio. NAMBA YA SIMU, jamani!

Kodi_Safi: Mkuu shusha presha, unafoka kama umedhulumiwa urithi. Ila kitu kinachojiendesha chenyewe zaidi ya sekunde 5 pembeni ya maandishi lazima kiwe na njia ya kukisimamisha, kama kitufe, WCAG (miongozo ya tovuti zinazofikiwa na watu wote) inasema wazi. Pale kitufe hakuna.

MchoraKurasa: Wewe angalau namba umeiona. Mimi maandishi yake ya kijivu juu ya nyeupe yamenishinda. Ametumia kijivu cha #999999, uwiano wa mwangaza kati ya herufi na nyuma yake haufiki hata 3 kwa 1, na maandishi ya kawaida yanataka 4.5 kwa 1. Angeshuka mpaka #767676, kijivu kilichokolea zaidi, angepona.

Pikseli Moja: Na lile GIF, ile picha inayocheza juu ya ukurasa? Rangi 256, chengachenga, na uzito wake unaizidi kwa mbali video ya MP4 ya mwendo uleule. Weka video yenye autoplay (ijianzishe), muted (bila sauti), loop (ijirudie) na playsinline (icheze palepale), na poster, yaani picha ya kusubiria, ili pasibaki shimo jeusi wakati inapakia. Ukisahau muted, vivinjari vingi vinakataa kuianzisha yenyewe, halafu mtu anasema seva mbovu.

Mwenye uzi: GIF tutalijadili kesho. NAMBA YA SIMU INATELEZA!

Kodi_Safi: Tumesikia mkuu, kunywa maji.

Kidole Kizito: Kinachoteleza ni ukurasa mzima. Picha hazina width wala height (upana na kimo) kwenye kodi, kivinjari hakijui kitenge nafasi gani, kila moja ikifika maandishi yanasukumwa chini. Unalenga "Soma zaidi", unabonyeza tangazo.

MchoraKurasa: Na mistari yake imetanda ukingo hadi ukingo wa skrini. Herufi 45 hadi 75 kwa mstari zinatosha, jicho lirudi bila kupotea.

Pikseli Moja: Tena kanyoosha kingo zote mbili za maandishi, kushoto na kulia. Maneno yetu marefu, kivinjari hakikati neno, kwenye simu mstari unabaki na maneno mawili na pengo la kupitisha lori. Panga kushoto!

Kidole Kizito: Kushoto panaonekana ovyo. Washa ukataji wa maneno mwisho wa mstari kwa hyphens: auto ya CSS, lugha ya kupamba kurasa.

Pikseli Moja: Hiyo inategemea lang ya ukurasa, yaani lugha iliyotajwa kwenye kodi, na kamusi ya kivinjari. Na lang kaacha "en". Kikikata, kitakata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Kushoto, nimesema!