Mrejesho: tochi ya mfukoni na kisu cha kukunja

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza nichukue tochi gani ya kuning'iniza kwenye funguo na kisu gani, mkanishauri tochi ya betri moja ya AAA na kisu cha kukunja chenye loki, yaani kizuizi cha kukizuia kisijikunje kikiwa wazi. Nina wiki 2 navyo. Tochi naipenda sana aisee, nyepesi mpaka nasahau ninayo, ila siku ya pili ilijiwasha mfukoni nikashtukia paja linapata joto, sa hivi nalegeza kifuniko cha nyuma kidogo tu, robo mzunguko, haiwaki tena. Kisu kilikuja kigumu, nikatia tone moja la oili pale kinapojikunjia, sasa kwa kidole gumba tu kinafunguka. Klipu yake ya kukibana mfukoni ndo sijaipenda, inakwangua mshono wa mfuko mpaka nyuzi zimeanza kutoka. Asanteni sana.